Macho ya Mwalimu wa Mboga

Hebu mwone anavyokuja. Ni mwanamke wa miaka hamsini na nane, kikapu cha majani chai kiko mgongoni, kamba yake imepita kipajini. Anashuka njia ya udongo mwekundu kuelekea kituo cha kukusanyia majani, upande wa Itumbe. Hatembei katikati ya njia kama wengine. Anatembea pembeni, mkono wa kushoto ukigusagusa ua, na anamsalimu kila mtu kabla hajasalimiwa yeye. Juzi alikisalimu hata kile kisiki kilicho karibu na mfereji, akakiuliza habari za watoto. Usicheke bado.

Jina lake ni Orpah Nyanchera, lakini pale kituoni wanamwita Mama Abner, kwa mwanawe wa kwanza anayefanya kazi Eldoret. Kwa miaka thelathini majani yake hayakurudishwa hata siku moja. Ni majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka makarani walikuwa wakiyamwaga mezani bila kuyaangalia.

Siku hiyo karani Onyiego aliyaangalia. Akachomoa jani moja gumu, akachomoa la pili. La tatu akaliinua juu ili watu wote walione.

"Mama Abner, hili nalo ni la chai?"

"Ni la nini?"

"Si unaliona? Ni la parachichi! Leo umechuna mpaka ua wa jirani?"

Watu wakacheka. Orpah naye akacheka, akasema alikuwa na haraka. Onyiego, kwa heshima, akamwambia akae pale pembeni ayachambue upya. Basi akakaa juu ya gunia na kuanza kuchambua kitu asichokiona. Alikuwa akilikunja kila jani kwa vidole: lile laini linajikunja kimya, lile gumu linalia kra! Alichambua hivyo mpaka lori la kiwanda likafika, na waliompita walidhani ameinamisha kichwa kwa aibu.

Ukweli ni kwamba Orpah alikuwa akipoteza macho. Jicho la kushoto lilikuwa na wingu katikati, la kulia lilikuwa na vidoa vyeusi vinavyoelea kama mbu. Hakuwa amemwambia mtu yeyote. Kwa nini? Ngoja nikueleze huyu mama ni nani, ndipo utaona alivyokuwa amebanwa.

Miaka kumi na tisa iliyopita mumewe, Mokua, alianguka akafa kwa presha siku mbili baada ya harusi iliyochinjiwa mafahali wawili. Orpah hakulaumu chumvi, hakulaumu dawa ambazo Mokua alikuwa akizisahau dirishani. Alilaumu nyama. Siku ya mazishi, mbele ya waombolezaji wote, alisema: "Katika nyumba hii hakitaingia tena kitu chenye damu. Si nyama, si samaki, si yai." Na hakikuingia.

Kanisa lao la Sabato halikumlazimisha. Wengi pale wanakula kuku, na samaki mwenye mapezi na magamba ni halali kwao. Orpah ndiye aliyejikazia kamba kuliko alivyofungwa. Baadaye maharagwe yalipoanza kumchoma tumbo akayaacha nayo. Akabaki na ugali wa wimbi, mboga ya chinsaga, yaani mgagani, viazi vitamu, ndizi mbivu, na uji wenye sukari vijiko vinne. Sukari, alikuwa akisema, inatoka shambani, haitoki kwa mnyama. Hata chai hanywi. Anaichuna tu, ikanywewe na wengine.

Kwa msimamo huo akachaguliwa kuongoza masomo ya afya ya akina mama, kila Sabato alasiri. Wakamwita Mwalimu wa Mboga. Na alikuwa mwalimu kweli. Angekupikia chinsaga kwa maziwa ukasahau kwamba duniani kuna mbuzi. Wanawake walimfuata, na aliyemfuata kwa karibu zaidi alikuwa Mokeira, mama mwenye watoto watatu, ambaye alikuwa akiandika kila neno kwenye daftari na siku aliposikia habari za mayai alienda nyumbani akauza kuku wote.

Kuna somo moja ambalo lilikuja kumla Orpah mwenyewe. Ilikuwa miaka minne iliyopita, wakati wa makambi ya kanisa. Alisimama mbele ya wanawake wa makanisa sita akasema omena, wale dagaa wa ziwani, hana magamba, kwa hiyo si halali. Benter akainuka. Huyu Benter amezaliwa kando ya ziwa, amekuja Kebirigo na mumewe fundi wa magari, na anauza omena sokoni. Naye ni Msabato, anakaa benchi la tatu.

"Dada Orpah, omena wana magamba. Ni madogo, lakini yapo."

"Dada Benter," Orpah akajibu kwa upole ule unaokata, "mwenye duka hawezi kuwa shahidi wa duka lake."

Wanawake walicheka mpaka turubai likatikisika. Na wiki iliyofuata gunia la Benter lilikaa sokoni Kebirigo kutwa nzima, likarudi nyumbani vile lilivyokuja.

Sasa tumlete paka.

Orpah alikuwa na paka dume, rangi ya majivu, ambaye mke wa Abner, Celestine, alimpa jina la Diwani kwa sababu alikuwa akila bila kuonekana akifanya kazi. Celestine anaishi kwenye boma hilo hilo, nyumba yake na ya mama mkwe zinatazamana. Basi Sabato moja wanawake kumi na wanne walikuwa wamekaa sebuleni kwa Orpah, somo likiwa ni mbegu za maboga, Diwani akaingia na kichwa cha samaki mdomoni. Alikuwa amekiiba huko alikokiiba. Akapita katikati ya viatu, akakiweka kile kichwa kwa utaratibu juu ya mguu wa mwalimu. Wanawake kumi na wanne wakakitazama kile kichwa, na kile kichwa kikawatazama.

Jumapili asubuhi Diwani alifungwa kamba ya mkonge kwenye nguzo ya jikoni. Akawa analishwa ugali na maziwa, wakati mwingine ndizi. Alilia wiki mbili, halafu akanyamaza. Alikaa hapo karibu miaka miwili.

Wa kwanza kugundua kilichompata alikuwa Joash, yule daktari wa mifugo anayezunguka na pikipiki kupandikiza ng'ombe mbegu. Alikuja asubuhi moja kumhudumia ng'ombe wa Orpah. Akaingia jikoni kuomba maji ya kunawa, akaona paka anasimama, anatembea hatua tatu na kugonga debe, anageuka na kuligonga tena.

"Mama Abner, huyu ana miaka mingapi?"

"Saba hivi. Ni uzee."

"Paka wa miaka saba ni rika langu mimi, na mimi sijaanza kugonga madebe." Akachuchumaa, akawasha tochi ya simu mbele ya macho ya Diwani. Mboni zilikuwa wazi, kubwa, na hazikujali tochi. "Anakula nini?"

"Tunachokula."

"Yaani?"

"Ugali. Maziwa. Ndizi akipenda."

"Na panya?"

"Atashika panya vipi na amefungwa?"

Joash akakaa kwenye kigoda. Hakumkaripia, na pengine angemkaripia ingekuwa afadhali. "Mama, kuna kitu kinaitwa taurini. Si unajua protini inajengwa na vipande vidogo vidogo, vinaitwa asidi amino? Huyu taurini ni wa ukoo huo, lakini yeye hajengi ukuta. Yeye ni kama askari wa zamu. Amejaa ndani ya moyo, amejaa nyuma ya jicho, pale mwanga unapopokewa. Mwili wa paka hauwezi kujitengenezea wa kumtosha. Lazima amle, na yuko kwenye nyama na samaki. Ugali hauna, ndizi haina, na maziwa yana kidogo sana. Paka akimkosa muda mrefu, jicho linakufa polepole, halafu siku moja unadhani amezeeka."

"Akipewa sasa, atapona?"

"Kilichokwenda kimekwenda. Kama kuna kilichobaki, kitabaki."

Orpah akamimina maji kwenye beseni. Yalikuwa yakimwagika nje, na hakuona. Akauliza kama mtu anayeulizia mvua: "Na binadamu?"

"Binadamu si paka. Mwili wetu hujitengenezea kiasi, kingine tunakipata kwa chakula. Hilo muulize daktari wa watu, mimi wangu wana mikia." Joash akawa ananawa mikono, akacheka peke yake. "Hata vile vikopo vya kuongeza nguvu wanavyokunywa vijana wa boda, soma pale nyuma, imeandikwa taurini. Lakini hiyo inatengenezwa kiwandani, haitoki kwa mnyama."

Joash akaondoka na pikipiki yake. Hakujua kwamba sentensi yake ya mwisho ndiyo pekee iliyosikiwa.

Haitoki kwa mnyama! Wewe fikiria: mtu ameona mlango mmoja tu katika chumba kizima, tena mlango wenyewe haukuvunja nadhiri yake. Kesho yake Orpah alikwenda mjini Nyamira, ambako watu wanaomjua ni wachache, akaingia duka lililo karibu na steji, akaagiza vile vikopo. Muuzaji alimtazama, akamtazama tena.

"Mathe, hivi ni vya nani?"

"Vya mgonjwa."

"Huyo mgonjwa ataruka kama ndege."

Akavificha ndani ya kikapu, chini ya leso. Akawa anakunywa kopo moja asubuhi na jingine mchana, huko chini shambani, amewapa mgongo watu wa njiani. Yeye ambaye hanywi hata chai aliyoipanda kwa mkono wake! Moyo ulimpiga kama mtu anayetwanga. Kiu ikaja, akawa anakunywa maji jagi baada ya jagi na haiishi. Lakini alijiambia dawa huanza kwa kusumbua.

Siku ya tisa alikuwa katikati ya michai saa nne asubuhi, jua limewaka vizuri. Ghafla mistari ya shamba ikayeyuka. Unajua michai ilivyo, imefika kiunoni, imeshikana, na njia kati ya mstari na mstari haizidi upana wa nyonga. Kila alikogeuka ilikuwa kijani kibichi kilichokorogwa, hakuna mstari, hakuna ukingo. Alipiga hatua, matawi yakamzuia. Akageuka, yakamzuia. Shamba ni lake mwenyewe, alilirithi na kulipogoa kwa panga lake, na hakuweza kutoka ndani yake.

Angeweza kuita. Celestine alikuwa nyumbani, umbali wa sauti moja tu. Lakini akiita angeulizwa, na akiulizwa angesema nini? Akasimama pale, makopo mawili matupu, la jana na la leo, yakigongana kikapuni, akisubiri. Ni ng'ombe aliyemwokoa. Ng'ombe alilia zizini, Orpah akaifuata ile sauti, akipasua matawi kwa kifua, mpaka akagusa ua.

Alhamisi alimwambia Celestine anaenda Keroka kumwona dada yake. Akaenda kliniki ya macho Kisii.

Aliyempokea alikuwa mganga wa macho aitwaye Valarie, binti wa huko ziwani, mwenye sauti ya chini. Alimtoa damu kidoleni kwanza, akaitazama ile mashine, akamtoa tena. Halafu akamtia matone, akasubiri, akachungulia macho kwa muda mrefu.

"Mama, una sukari. Tena si ya jana. Imekuwa ikiharibu mishipa midogo nyuma ya jicho. Hujawahi kupimwa?"

"Mimi sili nyama," Orpah akasema, kana kwamba hilo ni jibu.

Valarie akamuuliza anachokula, akaandika. Ndizi mbivu. Uji, vijiko vinne. Kisha Orpah, kwa kuwa alikuwa amechoka kubeba, akamtajia makopo.

"Mangapi?"

"Kumi na saba."

Valarie akaiweka kalamu chini. "Mama yangu, kila kopo lilikuwa sukari tupu."

"Nilikuwa natafuta taurini."

"Nani alikufundisha hilo jina?"

"Daktari wa ng'ombe."

Binti wa watu alijaribu kuzuia kicheko, kikamshinda kidogo. Halafu akavuta kiti karibu. "Hakukudanganya. Taurini imejaa nyuma ya jicho, na wanaochunguza wanaona kama inalilinda lisichakae. Wengine wameona watu wenye sukari huwa nayo kidogo. Lakini bado wanachunguza, na mimi sitakuahidi kwamba samaki ni dawa. Dawa ni hivi vidonge, na miale tutakayokuchoma jichoni kuanzia mwezi huu. Jicho la kushoto tumechelewa. La kulia bado liko nasi."

"Na chakula?"

"Kuna watu hawali nyama maisha yao yote na wanaona vizuri, kwa sababu wanakula dengu, maharagwe, karanga. Wewe umekata kila kitu. Mwili unajijengea na nini, mama? Punguza ndizi, toa sukari. Na mara tatu kwa wiki kula samaki. Omena anatosha. Si yuko kila soko?"

Omena. Kati ya viumbe wote wa majini, binti huyu alitaja omena.

Orpah alikaa kwenye benchi la nje mpaka matone yakaisha nguvu. Hapo ndipo alipouona ukuta wote aliojijengea. Asipokula, anajua mwisho wake, ni yule paka aliyemfunga kwenye nguzo jikoni. Akila, kila mwanamke aliyeuza kuku wake na kila gunia la Benter lililorudi nyumbani litauliza: ulitufanyia nini?

Siku ya soko akaingia mstari wa samaki, Kebirigo. Wauzaji walinyamaza mmoja baada ya mwingine. Aliijua sehemu ya Benter kwa sauti.

"Yawa!" Benter akasema kwa sauti kubwa. "Mwalimu wa Mboga! Umepotea njia? Sukumawiki iko kule."

"Habari yako, dada Benter."

"Mimi mzuri. Nikusaidie nini? Au umekuja kuwahesabu wenye dhambi?"

Orpah akainama karibu. "Nifungie omena kidogo. Kwa karatasi nyeusi."

Benter hakuinama. "Kwangu omena hafungwi kwa karatasi nyeusi kama bangi. Nakuuzia kama ninavyowauzia watu, kwa kopo la gorogoro, hapa mbele." Akachukua samaki mmoja, akamlowesha kwenye kikombe cha maji, akamsugua kwa dole gumba, akaliinua lile dole mbele ya uso wa Orpah. "Lakini kwanza angalia. Miaka minne nimengoja uangalie. Hii inayong'aa hapa ni nini?"

Orpah akatazama. Aliona mkono. Hata mkono hakuuona vizuri.

"Sema, mwalimu. Ni nini?"

Orpah akanyoosha kidole kuligusa lile dole, kikapita pembeni, kikagusa hewa. Akajaribu tena, kikaangukia kifundo cha mkono.

Benter aliuteremsha mkono wake polepole. Sauti yake iliporudi ilikuwa ya mtu mwingine. "Tangu lini?"

"Inakaribia miaka miwili."

"Na nyumbani wanajua?"

Orpah akatikisa kichwa. Benter akapima gorogoro ikajaa, akaongeza kwa mkono mara mbili, akafunga kwa gazeti la kawaida. Akasema kwa sauti ndogo: "Kula, dada. Lakini sikufichi, nimekasirika bado. Unaponunua kwangu kwa siri, mimi bado ni mchafu. Unaelewa?"

Alielewa.

Nyumbani alifunga mlango wa jikoni, akaziba dirisha kwa gunia, akatupa majani ya mkaratusi motoni. Haikusaidia. Harufu ya omena kwenye mafuta haina adabu, inatoka bila kubisha hodi. Alikula akiwa amesimama, kwa vidole. Akamwekea Diwani, na yule paka, ambaye kwa miezi mingi alikuwa hainuki mpaka asukumwe, akala akitetemeka mwili mzima. Halafu nyayo zikaja uani.

"Mama?" Ilikuwa ni Celestine. "Kuna harufu ya samaki huko?"

"Ni huyu paka. Ameleta tena."

Nyayo zikasimama. "Lakini mama, si paka amefungwa?"

Orpah akautazama ule mlango asiouona. Akaufungua.

Celestine aliona sufuria, akaona gunia dirishani, akaona mama mkwe amesimama na mafuta kidevuni. Hakucheka. Aliketi kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza Orpah akasimulia yote: wingu, makopo, ng'ombe, Kisii, dole gumba la Benter.

Celestine akafungua ile kamba ya mkonge. Paka hakwenda popote. "Mimi sitasema," akamwambia mama mkwe. "Lakini hata nikinyamaza, sufuria itasema. Hapa kwako watu wanaingia tangu asubuhi. Utakula lini?"

Na ikawa hivyo hivyo. Jumanne Mokeira alikuja na daftari lake, akakaa mpaka jioni. Jumatano walikuja akina mama wa kwaya. Alhamisi mzee wa kanisa. Zile mara tatu za wiki zikawa mara moja, na wiki iliyofuata hazikuwa hata moja. Omena waliobaki walikuwa juu ya dari, ndani ya gazeti, na jicho la kulia likaongeza doa jingine. Orpah akaona kwamba hakuna namna ya kula bila kusema.

Basi Sabato alasiri akasimama kanisani mbele ya wanawake. Walikuwa zaidi ya thelathini, kwake ni vitambaa vya kichwa vinavyoelea. Celestine alikuwa amekaa nyuma. Benter alikuwa benchi la tatu, alimjua kwa kikohozi.

"Dada zangu," akasema, "leo sina somo. Nataka kuwaambia kitu. Mimi sioni."

Alikuwa ameyapanga maneno yaliyofuata, ameyarudia njiani kama mtoto wa shule. Hakupata nafasi. Kilio kilipanda. Mmoja akasema, "Aa, mwalimu wetu!" Mwingine akasema ni kwa sababu ya kufunga na kutuombea. Mikono ikamfikia, ikamkalisha, ikampapasa mabega. Mzee mmoja wa kike akatamka kwa sauti kwamba mwili wa mtakatifu huisha kama mshumaa, na wote wakaitikia amina. Ndani ya dakika tano Orpah alikuwa ametukuka kuliko siku zote za maisha yake. Halafu Mokeira akasimama, machozi yanamtoka, ameinua mkono.

"Mwalimu, mimi nataka kusema mbele ya wote. Kwa ajili yako naweka nadhiri leo. Mimi na watoto wangu, tunaacha hata maziwa. Tubariki."

Ukumbi ukatulia, ukingoja baraka. Huko nyuma Celestine alikuwa ameshika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Benter hakukohoa tena. Orpah alijua tu kwamba yupo, na kwamba anangoja.

Akafungua mdomo.

Sasa niambie wewe uliyekaa nami mpaka hapa: kati ya Mokeira aliyesimama akilia na Benter aliyekaa kimya, ungekuwa wewe ndiye Orpah, ungemgeukia nani kwanza, na ungeanza na neno gani?